Pipa Linazunguka Baridi

Mvua ya Novemba imekaa Bukavu kama mgeni asiyejua kuaga.
Kanzu ishirini na tatu za kwaya zimejaa kwenye mabeseni,
misa ni kesho saa tatu,
na mashine ya Mama Nsimire inazunguka, inazunguka,
inazitoa nguo mbichi kama zilivyoingia.

"Fundi, sauti inayo. Joto hakuna."
Naweka mfuko wangu sakafuni.
Kwanza mkono: kioo cha mlango ni baridi ya ziwa alfajiri.
Kisha sikio: mkanda unavuta, mota haikohoi.
Basi miguu ni mizima. Ni damu iliyopoa.

Umeme? Huku Nguba, jioni, taa hunywea
hadi zikawa rangi ya chai ya mkandaa.
Lakini sasa ni saa nne ya asubuhi
na kipimo kinasoma mia mbili kumi na moja.
Siku hii moja, Mama, tusiusingizie umeme.

Nachomoa plagi kabla ya kufungua.
(Mwalimu wangu alikuwa na vidole vinane.)

Navuta chujio. Lo!
Blanketi zima la nyuzi, kijivu, nene kama mkate:
kitenge cha bi harusi wa Agosti,
sare za shule, mashuka ya zahanati,
soksi ya mtu aliyekwisha hamia Uvira.
Mtaa mzima umelala humu, umebanana, hauna majina.
Na bomba la nyuma limezibwa vivyo hivyo hadi ukutani.
Pumzi ilitafuta njia, ikarudi ndani.

Nyuma ya bati nakikuta kifyuzi cha joto,
cheupe, kidogo kama kucha ya mtoto.
Nakigusa kwa ncha mbili. Kipimo hakilii.

Mama Nsimire ameusoma uso wangu.
"Kifunge waya, Zihindula. Moja kwa moja.
Leo tu."
Koleo tayari liko mkononi mwake.

Niliwahi kufunga waya.
Ilikuwa Nyamugo, kwa mshonaji, kwenye pasi yake kubwa ya mvuke,
waya wa breki ya baiskeli. Nililipwa.
Usiku ule nilikula sambaza hadi nikashindwa.
Siku ya tatu niliona moshi kutoka ng'ambo ya bonde
nikajua ni nyumba gani kabla sijaambiwa.
Mbao, mabati, mbao, mabati,
kule nyumba zimeshikana mikono
na moto haubishi hodi.
Hakufa mtu, ndivyo wanavyonifariji.
Cherehani saba zilikufa.
Bado nazilipa, kila mwisho wa mwezi, nusu nusu.

"Mama, hiki hakikuharibika.
Kiliona joto linapanda, hakikuita mtu,
kikajikata."

Ananyamaza. Mvua inasema peke yake juu ya bati.
Kisha anavua viatu, anamwita Cibalonza
alete pasi ya makaa, na kamba, kamba zote.

Kifyuzi kipya kitapanda boti ya usiku kutoka Goma.
Mimi, fundi ambaye leo sikutengeneza kitu,
nashika mikono ya kanzu ili isiburute chini,
na bomba nimelisafisha bure.

Kanzu ya kumi na nne imepata doa la jivu kwenye kola.
"Mpe yule wa besi," anasema Mama Nsimire,
"yeye husimama nyuma."