Daftari la Mvua

Babu Yolamu, umeondoka Novemba, tarehe kumi na nane,
mawingu yakiwa yamekaa upande wa Mvumi
kama wageni wasiojua nani wa kuwakaribisha.

Tulikuzika udongo ukiwa mkavu.
Sururu iligonga ikarudi, ikagonga ikarudi,
mpaka mjomba Masinjisa akasema,
"Mzee anabisha hata huko,"
watu wakacheka, kisha wakaona aibu.
Wewe ungecheka mpaka kikohozi kikukate.

Waombolezaji wamekwisha kwenda.
Sufuria za uji wa uwele zimerudishwa kwa wenyewe.
Handali imebaki na upepo wake
na kopo lako juu ya nguzo,
kopo la maziwa ya unga, limeshikizwa kwa waya,
rula ya shule ikining'inia pembeni,
namba zake umezikoleza kwa msumari wa moto.

Na kaunta buku sita chini ya kitanda.
Sikujua ni sita.

Januari 1974: *22. Uwele umesimama.*
Halafu ukurasa mzima wa sifuri,
sifuri zilizochorwa kwa subira, zote duara kamili,
chini yake: *Tumekula mbegu.*
Mwaka wa mafuriko: *Kopo limejaa, limemwaga. Sijui ngapi.
Mbuzi wawili.*
Siku aliyokufa bibi: *6. Damari.*
Basi. Wino haukutetemeka, nimeangalia.

Nimetafuta siku yangu.
*0. Loi amejifungua, wa kike. Analia kwa nguvu,
labda mawingu yatasikia.*

Babu, hukuwahi kuniuliza kwenye simu kama nimekula.
Ulikuwa unauliza, "Huko mjini mmepata ngapi?"
Nami niko ofisini Mtumba, mapazia yamefungwa,
sijui nje kuna jua au giza,
nakujibu tu, "Kama nne hivi, Babu."
"Nne," unasema, polepole, kama mtu anayepokea fedha,
na simu inakatika.

Nimeziona.
*Mjini, 4 (Nyemo). Mjini, 7 (Nyemo).*
Safu nzima, miaka mitatu,
uongo wangu umepangwa kwa mwandiko wako mzuri,
na jina langu kwenye mabano, kama shahidi.
Machi mwaka jana umeandika *9*
na pembeni, kwa herufi ndogo:
*redio inasema mji haujapata kitu.*
Lakini tisa hukuifuta.

Hapo ndipo nililia. Makaburini sikulia,
shangazi wamenisema sana kwa hilo.

Imenyesha usiku wa kuamkia leo.
Ilianza kwenye bati la jikoni, tone moja moja,
kama mtu anayehesabu chenji gizani,
kisha ikamwagika yote.
Nilikaa kitandani mwako nikinusa vumbi linalolowa.
Majirani waliokwisha kuberega walisikika wakiitana,
"Mbukwa! Mbukwa!" usiku wa manane,
hakuna aliyeuliza kwa nini mwenzake hajalala.

Asubuhi nimetoka peku na rula yako.
Nyenje mmoja ameelea humo, nimemtoa.
Maji nimeyamwagia mpapai, kama ulivyokuwa ukifanya,
ingawa mpapai wenyewe ulikuwa umelowa tayari.

Mwandiko wangu mbaya, utanisamehe.
Nimevuka mstari mmoja, sikutaka kukaa karibu sana na wako.
*Handali, 11.*

Nimepima mara mbili.