Karatasi Ishirini Zisizo na Majina

Januari, Duluth. Ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
nami nabisha mlango wa tano asubuhi hii,
fomu kwapani, donati mkononi kama hongo.

"Nimeshatoa alama," asema Profesa Haugen,
habandui macho kwenye mawe yake.
"A ni A. Sasa mnataka nipime kipimo?"

Ndiyo, nasema. Hicho hasa.

Kozi yake ni ya lazima kwa kila mtu:
wauguzi, wahasibu, wapiga tarumbeta,
wanaokuja kuhesabu dakika, si tabaka za miamba.
Ati watoke wakijua kuuhoji ushahidi;
ndivyo mwongozo wa chuo unavyoahidi.
Nani amewahi kuangalia?

Akazipokea karatasi ishirini, nimezifuta majina,
ili tu niondoke mlangoni.

Saa nane akanipigia simu. Kimya kwanza,
na radieta yake ikigongagonga.
"Hii niliipa A. Nimeisoma tena.
Ni maneno yangu yaliyonirudia,
hata mzaha wangu wa Oktoba umo."
Na ile ya C?
"Tahajia ovyo. Lakini huyu ameuliza
nani aliulipia utafiti."

Sikutia neno. Mwalimu akijipima,
usimshikie mzani.

Fomu ilirudi Ijumaa, nusu tupu,
duara la kahawa juu ya jedwali la pili.
Nyuma yake, kwa penseli, swali jipya la mtihani,
limekatwa, likaandikwa upya, likakatwa tena.

Upande huo ndio niliompelekea mkuu wa kitivo.