Twende Kilioni, Leeds

Mwanakombo ananishika kichwa kama anayechagua nazi,
anakigeuzia dirisha la Barabara ya Roundhay
ambako mvua ya Novemba haijui kunyesha wala kukoma.
"Umezichoma tena."
Kweli. Jana nilizipiga pasi zikalala,
na kutoka maabara hadi kituo cha basi, dakika tano,
unyevu ukazirudisha zilikotoka.

Nywele ni protini, namwambia.
Uzi umejisokota, ukapata mwenzake, wakasokotana,
wawili wakapata wawili, ikawa kamba,
na kamba zimeshikana kwa vifungo vya namna mbili:
vya salfa, vigumu kama ndoa ya kanisani,
na vya haidrojeni, ambavyo ni ahadi tu,
joto linazivunja, tone la maji linazirudisha.
Pasi huvunja ahadi.
Dawa ya kopo ndiyo huvunja ndoa.

"Yangu ilivunjwa na simu," anasema,
chanuo mdomoni, na anaanza twende kilioni
kutoka sikio la kushoto.

"Na wewe huko chuoni unasuka nini?"

Ndani ya seli kuna kiwanda kidogo
kinachosoma waraka na kutunga shanga,
aina ishirini, moja moja, bila kuinua macho.
Mkufu haujamaliza kutoka, umeshaanza kujikunja:
shanga zinazochukia maji zinakimbilia chumba cha ndani,
zinazopenda maji zinabaki barazani na wageni,
mpaka mkufu unakuwa kitu chenye mfuko,
na katika mfuko ule inaingia sukari moja tu, yenye jina lake,
nyingine itabisha hodi hadi kesho.
Ukiharibu mkunjo, umeharibu kazi.

"Samaki mkunje angali mbichi,"
anasema, hata hanitazami.
Miaka mitatu, na mkopo wa benki,
nimeutumia kufika kwenye sentensi hiyo.

Yangu haikunjiki.
Naizalisha ndani ya bakteria, chupa kwa chupa,
inatoka imegandamana, nyeupe,
kama ute wa yai uliosahauliwa jikoni,
na yai lililoiva halijapata kurudi bichi kwa kuombwa.
Dakta Hollingworth anasema *jaribu tena*
kwa upole ambao ukiugeuza ndani nje
unakuta wembe.

Namweleza hili pia, kwa sababu kichwa changu ki mikononi mwake
na hakuna pa kwenda:
zipo protini ambazo kazi yao ni kulea nyingine.
Zinamchukua mchanga asiyejua kujikunja,
zinamfungia chumbani, peke yake, kelele za seli zibaki nje,
akitoka ametoka na umbo.
"Mnaziitaje?"
Kwa Kiswahili sijui.
Anaacha kusuka. Naona kwenye kioo anacheka,
mwanamke wa Pangani katikati ya Harehills.
"Mtoto we, hao si makungwi?"

Kisha, akivuta nywele hadi macho yangu yakalengwa:
"Unaharakisha. Kavu haisukiki. Punguza moto."

Jumapili nikapunguza. Kutoka thelathini na saba
hadi kumi na sita, usiku kucha,
na makungwi nikawaongeza, wengi kuliko desturi.
Asubuhi chupa ilikuwa na maji safi,
hakuna ute, hakuna ganda.
Nikatia matone kwenye visahani, nikafunika, nikangoja
kama mtu aliyetuma posa.

Wiki ya tatu, tone la kona, hadubini:
punje yenye pembe, inang'aa.
Sikumwita mtu. Niliipeleka mwenyewe kwenye eksirei,
nikakaa kwenye kiti chenye gurudumu bovu,
madoa yakaja kwenye skrini machache, yamepishana mbali mbali.

Chumvi.
Chumvi ya kawaida, ya kutia mchuzini.

Nikatoka bila kofia. Ilikuwa inanyesha.
Kwenye mizizi, chini ya msuko ulioanza kulegea,
nywele mpya zilikuwa zimeota wiki tatu hizo,
nusu inchi, hazijaona pasi,
na mvua ilipozigusa
zilijikunja zenyewe, mara moja, bila kungwi.