Mchana Tu

Ubao wa langoni una herufi nyeupe:
MCHANA TU. LANGO HUFUNGWA JUA LIKIZAMA.
Mgeni wa hapa hafikishi hata siku moja,
sembuse kungoja jembe siku ya tatu.
Nimemsomea Verlin kwa sauti, akacheka:
"Basi bustani hii na macho yangu
tumbo moja, mama mmoja."

Usiku ndio uliomtoka kwanza,
nyota zikaondoka moja moja bila kuaga.
Sasa hata mchana anauchungulia
kama mtoto kwenye tundu la ufunguo.

Kwa hiyo usukani leo ni wangu.
Gari-nyumba la futi ishirini na nane:
jiko, kitanda, kabati la vikombe
vinavyogombana kila kona,
na mimi mbele, juu ya mto wa kochi,
nimeshika usukani kama niliyeshika
pembe za ng'ombe wa jirani.
Kutoka Salem hadi bahari sikupumua.
Nyuma yangu foleni, honi, ukungu,
na kando yangu Verlin, kimya, mstaarabu,
mguu wake wa kulia ukikanyaga
breki ambayo haipo.

Maegesho haya aliyachora mwenye gari dogo.
Mistari mifupi, misonobari iliyopinda kwa upepo,
na nafasi moja tu ya wakubwa kama sisi,
mwisho kabisa, ya kuingia kinyumenyume.

Miaka thelathini kazi ya kusimama nje ilikuwa yangu,
kupunga mikono, kupayuka kushoto, kushoto!
"Kushoto kwako au kwangu?"
Hatukuwahi kupata jibu.
Kila bustani ya pwani ya Oregon imetusikia tukigombana.

Akashuka.
Nikamwona kwenye kioo akipapasa ubavu wa gari,
kiganja juu ya bati, hatua kwa hatua, mpaka nyuma.
"Nikigonga mara moja, njoo. Mara mbili, simama."

Ngo.
Changarawe zikalia chini ya matairi.
Ngo.
Kichwa amekiinamisha, anasikiliza magurudumu
kama daktari anavyosikiliza kifua.
Ngo.
Jasho langu. Tawi likakwaruza dirisha la jikoni.
Ngo, ngo.

Nilishuka kuangalia. Kati ya bampa na gogo
palikuwa na nafasi ya kikombe cha chai.
Kijana mmoja mwenye kishada akapiga makofi;
sidhani alijua anampigia nani.

Tulikula supu ya chaza na mchanga kidogo.
Shakwe akaiba mkate, Verlin akamtukana
upande ambao hakuwapo.
Maji yalipokupwa nilimshika mkono
tukashuka hadi madimbwi ya mwambani,
nikamwekea vidole juu ya kiti cha pweza.
"Miguu mitano," nikamwambia.
Alipapasa muda mrefu.
"Minne," akasema, "na kisiki."
Nikainama. Kweli: wa tano ulikuwa umekatika,
ncha mpya ikichipuka, ndogo kama punje ya mchele.
Mimi mwenye macho sikuwa nimeuona.
Hakusema neno. Akafuta mkono kwenye suruali.
"Maji ya hapa," akasema baadaye, "baridi kama deni."

Saa za kufunga akapita Marit, mlinzi wa bustani,
binti mrefu, funguo kiunoni, koti la kijani.
Akagonga ubavu wa gari letu: ngo, ngo.
"Dakika ishirini, wazee wangu."
"Umesikia?" Verlin akaniambia. "Mara mbili.
Tusimame."

Tukasimama, dakika zote ishirini,
migongo kwenye bati lililobakiza joto,
vikombe ndani vimenyamaza.
Ukungu ulipasuka kidogo juu ya maji.
"Jua ni lile jekundu, siyo? Pale kushoto?"
Lilikuwa kulia.
"Pale pale," nikasema. "Kushoto kwangu."