Sampuli ya Tisa

Ya saba na ya nane ni ndugu wa tumbo moja:
fedha ileile, alumina ileile,
gramu kwa gramu, kwa vidole hivi
vyenye madoa meusi yasiyojua sabuni.

Ya saba niliioka hewani, digrii mia tano.
Ya nane niliipulizia hidrojeni, mia mbili tu,
nikakesha nayo kama mama wa mtoto mwenye homa,
mvua ya Billingham ikigonga bati la maabara
na Bi Thirlwell, mlinzi, akiuliza kama nimekula.

Asubuhi tukafungua amonia, kali, ya kuliza.
Ya nane ikaamka mapema, ikaila yote,
ila ikavujisha kidogo gesi ile
inayochekesha watu kwa daktari wa meno.
Ya saba ikasinzia.

“Fedha ni fedha,” akanung’unika Ormesby,
ambaye hutia sahihi hundi.
Nikamjibu: udongo uwahi ungali maji.
Nikamfasiria. Akatazama vidole vyangu.

Ya tisa sikumwambia.
Juu ya ya tisa nililala,
joto likapaa hadi mia saba;
chini ya hadubini chembe zimeshikana madonge,
kama abiria wa Januari kwenye kibanda cha basi.

Leo nimeipima, nikitazamia aibu.
Nzito kuamka, kweli,
lakini ilichotoa ni nitrojeni, karibu tupu,
pumzi isiyo na harufu wala kicheko.

Daftarini, mbele ya nambari tisa,
palipo na safu ya “matayarisho”,
nimeandika: usingizi, dakika arobaini.
Nimepigia mstari.