Noti Tisa, Horohoro

Bei haiandikwi. Bei inapigiwa simu
saa moja asubuhi kutoka Lungalunga,
na kabla chai ya Bi Mwanakombo haijapoa
sote tunaijua, toka getini hadi choo cha kulipia:
nanunua kumi na nane na nusu,
nauza kumi na tisa na robo.
Hapo katikati ndipo ninapoishi,
mimi na wanangu wanne na kodi ya chumba Duga.

Msafiri hunijua kwa mkoba wa kiunoni.
Mimi humjua kwa macho:
anayekokotoa kwa vidole, huyo mgeni;
anayehesabu mara mbili, huyo aliwahi kulizwa.
Wapo wanaokunja noti katikati
ikahesabiwa kichwa, ikahesabiwa na miguu.
Mimi sikunji. Si uchamungu.
Basi la Tanga hurudi kesho,
na aliyeibiwa hurudi na mdomo wake.

Jana akashuka mama mmoja, eda imemwisha juzi,
akafungua fundo la leso:
noti tisa za Kenya, elfu mojamoja,
zimenyooka kama zimepigwa pasi.
"Za mume wangu. Alikuwa fundi mwashi Likoni.
Nimezikuta ndani ya bitana ya koti."

Nikazijua kwa rangi kabla sijazigusa.
Hizi za zamani, mama. Zilifutwa.
Benki haizitaki, wala muuza pipi.
"Zimekufa?"
Zimekufa.
"Lini?"
Nikamtajia mwaka. Akahesabu kwa vidole,
si pesa, miaka.
"Basi zilimtangulia," akasema,
"naye akaendelea kuzificha."

Dereva akapiga honi.
Shebughe, anayecheka hata matangani,
akajifanya anafunga kamba za viatu.
Alikuwa amevaa ndala.

Nikachomoa moja, nikaiinua juani
kama ninavyoziinua zilizo hai.
Hii nainunua, nikasema. Kumi na nane na nusu.
Nikamhesabia elfu kumi na nane na mia tano,
sikuongeza hata mia;
ningeongeza, angejua.

Akahesabu mara mbili.
Akazirudisha nane zake kwenye leso, akakaza fundo kwa meno,
akaniuliza kama kesho bei itapanda.