Mita Kumi za Mshipi

Kopo lilikuwa la peremende za kikohozi.
Sasa halinukii mnanaa, lanuka nta na chuma:
ndoana tatu, chubwi mbili ndogo kama punje za choroko,
nusu wembe, pini, njiti tano za kiberiti,
na mita kumi za mshipi
nilizozizungusha kwenye kifungo cha koti la baba,
lile la Reli, ambalo hakuna aliyelitaka.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu,
nashuka timbo la mawe nyuma ya Njiru,
lile wachongaji waliloliacha mwaka maji yalipowashinda.
Sharti nimejiwekea mwenyewe:
kisichoenea koponi hakishuki nami.
Fimbo hapana. Wavu hapana. Hata kigoda.
Chambo nitakichimba hukohuko.

Nyandiga, mlinzi wa pampu, mzaliwa wa Mbita,
anacheka mpaka anashika ukuta.
"Mama Syokau, kwetu uzi huo tunafungia gunia."
Namwambia kwetu Kathonzweni samaki ni picha ya kalenda,
anivumilie.
Sawa, anasema, mvumilivu hula mbivu,
ila hajasikia popote mvumilivu akila ngege.

Jumamosi ya kwanza nilirusha kama anayefukuza kuku.
Ndoana ikanasa sketi yangu.
Ya pili ikanasa gurudumu lililozama;
nikavuta, nikabembeleza, nikatukana kwa Kikamba,
mshipi ukakatika, gurudumu likabaki na ndoana yangu.
Ya tatu, mvua.

Fundo nililijifunzia jikoni, taa nimezima makusudi:
pitisha, zungusha mara tano, rudisha kitanzini,
lowesha kwa mate, kaza.
Usisahau mate. Fundo kavu hujichoma lenyewe.
Syokau akanimulika usoni kwa simu:
"Mama, unaogopa nini hasa?"

Nikamweleza tena habari ya lifti, ghorofa ya tisa,
umeme ulipopotea,
mimi na ndoo yangu ya deki
saa saba ndani ya sanduku la chuma,
mfukoni sina hata kiberiti.
"Na ungevua samaki kwenye lifti?"

Mtoto huyu ana mdomo.
Nilikaza fundo.

Leo nimepata mnyoo, mmoja tu,
kwenye tope linalovuja chini ya pampu.
Bila fimbo, kidole ndicho fimbo.
Mshipi umelala juu ya kidole cha shahada,
kilekile ninachobonyezea kitufe kila asubuhi,
na huko chini, ndani ya maji ya kijani,
kuna mtu anabisha hodi.
Ti.
Ti-ti.
"Subiri," ananong'ona Nyandiga, ambaye hacheki tena,
ambaye ameacha tangi lake lifurike.
"Subiri amalize kusema."

Ndege ya Embakasi inapita juu, magurudumu nje.
Nasubiri.
Kisha mshipi wote unaenda,
unanichana ngozi, unaingia nyamani,
na mikono yangu, bila kuniuliza,
inaanza kuvuta, huu baada ya huu, huu baada ya huu,
kama kamba ya kisima.
Hili nalijua. Hili halikutoka ziwani.
Nimevuta maji kutoka ardhini tangu nina miaka sita,
na ndoo za Kathonzweni zilikuwa nzito kuliko huyu.

Ngege, mpana kama kiganja, miiba wima mgongoni,
ananitazama kwa jicho moja
kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.
Mdogo, asema Nyandiga. Wa kurudishwa.
Namrudisha. Simrudishi kwa wema;
sikuleta kitu cha kumbebea,
kopo haliingii hata mkia.

Nazungusha mshipi kwenye kifungo, nikipima kwa mkono:
mita tisa na kidogo. Ndoana mbili. Damu kwenye kifuniko.
Nyandiga amechuchumaa karibu,
amechomoa uzi kwenye gunia la saruji.
"Lile fundo," anasema, haniangalii. "Hebu."

Lowesha kwanza, namwambia.